Nyonga inauma na mimba ni ya wiki 24: akyupancha itanisaidia, au nitamdhuru mtoto?

Swali: Shikamoo dada mkunga. Nina miaka 27, mimba yangu ya pili, wiki 24. Nyonga inaniuma vibaya mno, kugeuka kitandani usiku ni kilio, ngazi napanda kama bibi kizee, na kuvaa suruali nikiwa nimesimama ndo siwezi kabisa. Wifi yangu alifanyiwa akyupancha, zile sindano nyembamba za Kichina, kwenye mimba yake, anasema ilimsaidia mpaka kichefuchefu. Mama mkwe nae anasema sindano hizo zinatoa mimba, nisithubutu. Kiungulia ninacho pia, miguu inavimba jioni, na ultrasaundi ya juzi imeonyesha mtoto ametanguliza matako, wifi anasema hata hilo wanaligeuza. Nifanye au nisifanye?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hizo usiku. Kabla sijaanza nikwambie kitu kimoja, mimi ni mkunga lakini akyupancha niliisomea baadae na naifanya, kwa hiyo nina upande wangu kwenye hili, soma huku unajua hilo. Jibu fupi ni kwamba kwa hiyo nyonga ndio, inafaa kujaribu ukimpata mtu sahihi. Kwa kiungulia na miguu sikushauri upoteze hela yako. Na la mtoto kutanguliza matako wala usilifikirie kwa sasa, ntakwambia kwa nini huko mwisho.

Tuanze na nyonga maana ndo inayokuliza. Ulivyoeleza, kugeuka kitandani, ngazi, kusimama mguu mmoja, hayo ni maneno ambayo nayasikia karibu kila wiki, na mara nyingi ni yale yale, maumivu ya mzunguko wa nyonga. Nyonga ina maungio matatu, moja mbele kabisa kwenye kinena, mawili nyuma pale kwenye vile vishimo viwili juu ya makalio. Ukiwa mjamzito homoni zinalegeza kano zinazoshika hayo maungio, tumbo linavuta mbele, mwendo unabadilika, misuli ya makalio na mgongo inaanza kufanya kazi ambayo sio yake, na ukisimama mguu mmoja uzito wote unapita upande mmoja, hapo ndo unaona nyota. Kama mjamzito mmoja kati ya watano anapitia hii kitu, kwa hiyo hujaharibika mahali, na mtoto haimgusi kabisa, yeye anaelea tu huko ndani hana habari.

Ila kabla hata hatujataja sindano, hakikisha kwanza kuwa ni nyonga kweli. Maumivu ya mgongo au kiuno yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, yanabana yanaachia, kabla ya wiki ya 37, hayo sio ya kupeleka kwa mtu wa sindano, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo maana inaweza kuwa uchungu umeanza mapema. Maumivu ya kiuno upande mmoja pamoja na homa au mkojo kuunguza, hiyo inaweza kuwa figo, hospitali pia. Damu, maji kutoka, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ghafla, usisubiri hata asubuhi. Nalisema hili mwanzo na sio mwisho kwa sababu nimeshaona mama kaja kwangu anataka sindano za mgongo, nimemwekea mkono tumboni likawa linakaza kila dakika chache, sindano hata sikufungua, tukampeleka hospitali moja kwa moja.

Haya, sasa sindano zenyewe. Watu wanaziwazia kama za chanjo, sio. Hizi ni nyembamba kama unywele mnene hivi, upana wake robo ya milimita au chini ya hapo, hazina tundu katikati na hakuna dawa inayoingia. Wachina wa zamani walieleza kwamba mwilini kuna nguvu inaitwa chi inayopita kwenye njia zake, ikiziba unaumwa, sindano inafungua. Mi siwezi kukuonyesha hiyo chi kwenye ultrasaundi. Ninachoweza kukwambia ni kile ambacho watafiti wamekipima, kwamba sindano ikiingia kwenye misuli inaamsha neva ndogo ndogo, zile neva zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, mwili unamwaga endofini ambazo ni kama dawa ya maumivu ya mwili wenyewe, na msuli uliokaza unaachia. Yaani ni kama unavyojigonga kiwiko ukajisugua fasta maumivu yakapungua, ila yenyewe inakaa muda mrefu zaidi.

Kwa nyonga kuna utafiti ambao mimi huwa nautegemea, ulifanyika Uswidi mji wa Gothenburg ukatoka mwaka 2005, wajawazito 386 wenye maumivu kama yako. Wakawagawa makundi matatu, kundi la kwanza matibabu ya kawaida yaani maelezo, mkanda wa nyonga na mazoezi ya nyumbani, kundi la pili hayo hayo ukiongeza akyupancha, la tatu hayo hayo ukiongeza mazoezi maalumu ya kuimarisha nyonga chini ya mtaalamu. Wiki 6. Waliochomwa sindano walipata nafuu kubwa kuliko wote, wa mazoezi maalumu wakafuata, wa matibabu ya kawaida peke yake wakawa wa mwisho. Ufaransa nako walifanya wao ukatoka 2019, wanawake 199, wa sindano wakawa na siku nyingi zaidi zenye maumivu madogo kuliko waliopata huduma ya kawaida tu.

Sasa hapa watu wengi wa fani yangu huwa wanaishia, mi ntaendelea. Wale wale wa Uswidi walirudi tena 2008 wakafanya kitu cha ujanja, wakatumia sindano za uongo, zile zinazojirudisha ndani kama kisu cha maigizo, mgonjwa anahisi kaguswa anajua kachomwa kumbe haijaingia. Matokeo? Kwenye maumivu tofauti haikuonekana, kundi la sindano za kweli na la sindano za uongo wote walipata nafuu. Pale tofauti ilipojitokeza kidogo ni kwenye kumudu shughuli za kila siku na kurudi kazini, sindano za kweli zilifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza nafuu inatoka wapi hasa, sehemu yake ni sindano, sehemu nyingine kubwa tu ni kulala pale nusu saa umewekewa mito vizuri, kuna mtu anakusikiliza, kaugusa mwili wako kwa utulivu na kakwambia hii inaeleweka na itapungua. Mi binafsi hilo halinisumbui, mjamzito ambaye vidonge vingi amekatazwa akipata nafuu kwa njia isiyo na madhara makubwa naona sawa tu, ila asije mtu akakuuzia kama muujiza. Shirika la Afya Duniani nao kwenye mwongozo wao wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016 waliiweka akyupancha kwenye orodha ya mambo yanayoweza kutumika kwa maumivu ya kiuno na nyonga, pamoja na fiziotherapi (tiba ya viungo) na mikanda. Pamoja na, hawakusema badala ya.

Na hapa ndo kitu ambacho nataka ukishike kuliko vyote. Sindano haikazi maungio ya nyonga. Inakupa nafasi, siku mbili tatu za maumivu madogo, hiyo nafasi ndo ya kufanyia kazi inayosaidia kweli, yaani mazoezi ya makalio, ya tumbo la ndani na ya sakafu ya nyonga, na kubadilisha jinsi unavyojigeuza. Kosa ninaloliona mara nyingi sana, mama anatoka kwangu mwepesi anajisikia vizuri, anafika nyumbani anasema leo ndo leo, anafua, anasugua, anahamisha kabati, kesho yake ananipigia simu sindano zako hazifai. Zilifaa, ila ile nafuu yote umeimaliza kwenye kabati.

Kwa hiyo kuanzia leo usiku, hata kabla hujatafuta mtu wa sindano, fanya hivi: mto katikati ya magoti mpaka kwenye vifundo, sio magotini tu, na ukitaka kugeuka bana magoti pamoja kama umevaa sketi ya kubana, kaza makalio kidogo, geuka mwili mzima kwa pamoja badala ya kutanguliza mguu mmoja. Kuvaa kaa kitako, hata chupi, usione aibu. Ngazi hatua moja moja, kupanda tanguliza mguu usiouma, kushuka tanguliza unaouma. Kutoka kwenye gari miguu yote miwili itoke pamoja. Mkanda wa nyonga unasaidia wengine, uvae chini kabisa usawa wa nyonga sio juu ya tumbo, na uuvue ukiwa umelala. Panadol kwa kipimo cha kawaida kwa siku chache kwa ushauri wa kliniki ni sawa kwa wengi, ila ibuprofeni na ndugu zake achana nazo, hasa ukishapita wiki 20 kama wewe, zinaweza kuathiri figo za mtoto na maji yanayomzunguka.

Sasa mama mkwe. Usimcheke, hakuitoa hewani. Ni kweli kabisa kwamba vitabu vya zamani vya Kichina vimekataza pointi fulani, yaani sehemu za kuchoma sindano, kwa mjamzito, kuna ile ya kwenye mkono kati ya kidole gumba na cha shahada, ile ya ndani ya mguu vidole vinne juu ya kifundo, ya juu ya bega, ya kwenye kidole kidogo cha mguu, na zile za tumbo la chini na chini kabisa ya mgongo. Waliamini zinashusha mimba. Na ndo hizo hizo zinatumika mimba ikishatimia kujaribu kuanzisha uchungu. Ila sikiliza sasa, tafiti nyingi zimefanyika kuangalia kama kweli sindano zinaanzisha uchungu kwa mama ambaye ameshafikisha siku zake na anautaka uchungu uje, na mpaka leo hakuna uthibitisho mzuri kwamba zinapunguza operesheni za kujifungua au zinaleta uchungu kwa uhakika, labda mlango wa kizazi unalainika kidogo basi. Yaani pale tunapoomba ifanye haifanyi vizuri, sembuse wiki ya 24 kwa mama mwenye mimba iliyotulia.

Korea Kusini waliangalia kumbukumbu za wajawazito 20,799, kati yao 1,030 walifanyiwa akyupancha wakiwa na mimba, wakalinganisha, hawakukuta tofauti ya maana kwenye kujifungua kabla ya wakati wala mtoto kufia tumboni. Na wale wa Gothenburg waliowachoma wanawake kuanzia wiki ya 12 mpaka ya 31, tena kwa kuzisisimua sindano kwa nguvu, walifatilia mama na watoto wakakuta madhara madogo madogo tu, maumivu pale ilipochomwa, kadamu kidogo, usingizi, kizunguzungu.

Pamoja na hayo yote mi hizo pointi sizigusi kabla ya wiki ya 37, na ukimkuta mtu anayezigusa muulize kwa nini. Sababu yangu sio kwamba naogopa zitatoa mimba. Sababu ni kwamba zipo pointi nyingine kibao zinazofanya kazi, kwa nini nizing'ang'anie hizo? Alafu kuna jambo la kibinadamu, mimba 10 hadi 20 kati ya 100 zinazojulikana zinatoka zenyewe, nyingi kwa sababu kijusi hakikuumbika vizuri toka mwanzo, na mama ambaye mimba yake imetoka wiki moja baada ya sindano atajilaumu maisha yake yote hata umuonyeshe tafiti mia. Siwezi kumuweka mtu kwenye hiyo hali. Kwa hiyo mwambie mama mkwe kwamba mkunga kasema una haki ya kuuliza, na pointi unazoziogopa hatutazigusa.

Wifi nae na kichefuchefu chake. Ipo pointi moja maarufu sana, ya ndani ya mkono, weka vidole vyako vitatu (vyako wewe, sio vya mtu mwingine, maana mikono inatofautiana) kuanzia kwenye mstari wa kifundo cha mkono kwenda juu, hapo kidole cha tatu kinapoishia, katikati ya zile kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi. Adelaide huko Australia waliwafatilia wanawake 593 wenye mimba chini ya wiki 14 ikatoka 2002, waliochomwa kwa mtindo kamili wa Kichina walianza kupata nafuu ya kichefuchefu toka wiki ya kwanza, waliochomwa hiyo pointi ya mkononi tu kuanzia wiki ya pili, na waliochomwa za uongo nao wakapata nafuu kuanzia wiki ya tatu, ila kutapika kwenyewe hakukupungua kwa maana. Ukikumbuka kwamba kichefuchefu cha wengi kinafika kileleni karibu wiki ya 9 na kinapungua chenyewe kati ya wiki ya 12 na 16, utaelewa kwa nini kila mtu ana dawa yake anayoapa kuwa ndo ilimponya. Siku hizi mi mama mwenye kichefuchefu cha kawaida simchomi kwanza, namfundisha kubonyeza hiyo sehemu mwenyewe dakika chache mara kadhaa kwa siku, au avae zile bangili zenye kitufe, na tangawizi. Ila mtu anayetapika hata maji hayakai, kapungua uzito, mkojo umekuwa wa rangi nzito na kidogo, huyo anahitaji dripu, sindano zangu zikae kabatini.

Kiungulia nilishasema. Vipo vitafiti vidogo vya akyupancha kwa kiungulia cha wajawazito lakini ni vidogo mno, siwezi kukuambia lipia. Kula kidogo kidogo, usilale ndani ya masaa mawili matatu baada ya kula, inua kichwa cha kitanda (kitanda chenyewe, sio kurundika mito mpaka shingo inapinda), lalia ubavu wa kushoto. Dawa za kupunguza asidi zipo zinazofaa wajawazito, uliza kliniki, ila usizinywe pamoja na vidonge vyako vya kuongeza damu, ziachanishe angalau masaa mawili kwa sababu zinazuia madini ya chuma kuingia mwilini, hii watu wengi hawaambiwi kisha wanashangaa damu haipandi.

Miguu kuvimba jioni, ikishuka asubuhi, mara nyingi ni kawaida, inua miguu, tembea tembea, usisimame sana sehemu moja. Sindano siweki kwenye mguu uliovimba wala kwenye mishipa iliyotuna. Lakini wewe umeshapita wiki 20, kwa hiyo uvimbe ukipanda usoni na mikononi, au ukaja na kichwa kinachouma kisichosikia dawa, macho kuona ukungu au nyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, nenda kapime presha siku hiyo hiyo, ikiwa 140 juu ya 90 au zaidi hiyo ni habari nyingine kabisa. Na mguu mmoja tu ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hilo linaweza kuwa damu imeganda, hospitali bila kumpitia mtu yeyote wa masaji wala wa sindano.

Ukiamua kwenda kwa ajili ya nyonga, kazi kubwa ni kumchagua mtu. Mi ningeanza na mtaalamu wa fiziotherapi au mkunga au daktari ambaye amesomea pia akyupancha, kwa sababu huyo anajua mimba kwanza na sindano baadae, na akiona kitu hakiko sawa atakurudisha hospitali. Muulize bila aibu, wajawazito umeshawahudumia? pointi gani unaziepuka na mpaka wiki ya ngapi? Akisema hakuna haja ya kuepuka chochote, au akisema hakuna kisichotibika, chukua mkoba wako. Sindano lazima ziwe mpya, za kutumika mara moja, afungue pakiti mbele yako na akimaliza azitupe kwenye boksi gumu la sindano, hapa hakuna mjadala maana sindano za kurudia zimeshawahi kusambaza homa ya ini. Mwambie dawa zote unazotumia, hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una chembe sahani chache (zile za kugandisha damu), au kifafa. Asichome sindano za kifuani kwa kina, mapafu yako karibu sana na ngozi kuliko watu wanavyodhani. Na akitaka kukuuzia na majani au vidonge vya mitishamba vya kwenda navyo, kataa kwa heshima, sindano ni kitu kimoja na mitishamba ni kitu kingine, baadhi yake haifai kabisa kwa mimba na mara nyingi hata hujui ndani kuna nini.

Siku yenyewe kula kwanza, usiende na njaa, wengi wanaozimia ni waliokwenda tumbo tupu na wenye woga. Mara ya kwanza itachukua muda kwa sababu ya maswali. Utalala ubavu, mito kila mahali, kwa mimba ya wiki 24 kulala chali nusu saa sio vizuri, mtoto na mji wa mimba vinalalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo unaanza kusikia kizunguzungu, kwa hiyo akikulaza chali mwambie. Sindano labda 6 mpaka 12, zinakaa dakika 20 hadi 30. Ikiingia unasikia kama mbu, kisha inakuja hali ya uzito, kama kitu kinavuta au kaumeme kadogo kanatembea, hiyo ni sawa, ila maumivu makali ya kuchoma sio sawa, sema atoe. Tumbo likianza kukaza sema pia. Ukimaliza usinyanyuke kwa pupa.

Mara ngapi? Gothenburg walifanya mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, jumla 12, ambayo kwa mtu wa kawaida ni muda na hela nyingi. Mi wangu naanza mara moja kwa wiki, anayeumia sana mara mbili wiki mbili za mwanzo, na tunaweka alama kabla, mfano usiku unaamka mara ngapi kwa maumivu, ngazi unapanda ngapi kabla hujasimama. Wewe andika leo. Baada ya mara nne kama hizo namba hazijasogea acha, usiongezewe kifurushi kingine cha mara kumi kwa maneno ya "mwili wako bado unazoea". Wengine haiwasaidii na sio kosa lao.

Tumalizie na huyo mtoto. Wiki ya 24 kutanguliza matako ni sawa kabisa, ana nafasi ya kucheza sarakasi, leo kichwa juu kesho chini. Mpaka mimba inatimia wanaobaki wametanguliza matako ni kama 3 au 4 kati ya 100. Alichosikia wifi yako sio sindano hasa, inaitwa moksa, ni majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga yaliyosokotwa kama sigara nene, unayawasha na kuyasogeza karibu na kidole kidogo cha mguu bila kugusa ngozi. Mwaka 1998 ulitoka utafiti wa China wa wanawake 260 wa mimba ya kwanza walioanza wiki ya 33, kufikia wiki ya 35 watoto 75 kati ya 100 walikuwa wamegeuka, na kwa wasiofanyiwa ni 48 kati ya 100, watu wakashangilia sana. Italia wakajaribu kurudia, wakalazimika kukatiza njiani maana kina mama wengi walishindwa kuendelea nayo, na kwa waliofanyiwa tofauti haikuonekana. Mpaka sasa picha ya jumla ni kwamba pengine inasaidia kiasi ikifanywa pamoja na huduma ya kawaida, na ikishindikana bado daktari anaweza kumgeuza mtoto kwa mikono kutoka nje, kuanzia wiki ya 36 au 37, ambayo karibu nusu ya majaribio hufanikiwa. Na angalia, hicho kidole kidogo ni moja ya zile pointi za mama mkwe, kwa hiyo asije mtu akakuwashia moto hapo sasa hivi eti kuwahi. Ultrasaundi ya wiki ya 32 au 33 ikionyesha bado kakaa hivyo hivyo, niandikie tena, na uniambie kondo la nyuma limekaa wapi.